Mume Wangu Hajui Kwamba Geeljire Ni Mimi

Admin, assalamu aleikum. Nifiche jina tafadhali. Lile ninalotumia kwenye mchezo wa kompyuta, Geeljire, nimeshalibadilisha mwenyewe. Mume wangu hasomi kurasa kama hizi, anasema ni umbea wa wanawake, lakini marafiki zake wana wake, na hao wake wana simu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka ishirini na tisa, niko hapa Garissa. Mume wangu ni mtu wa ofisi, na mwaka juzi alihamishiwa Mandera. Barabara ya huko mnaijua wenyewe, haina usalama, na likizo ni za nadra, kwa hivyo ndoa yetu imekuwa ya simu. "Watoto salama?" "Salama." "Na wewe?" "Alhamdulillah." "Haya." Imekwisha hiyo. Muuza maziwa ananisalimia kwa maneno mengi kuliko hayo.

Huyu bwana tangu tuoane ana ugonjwa mmoja: mchezo wa kompyuta wa ndege za kivita, zile za zamani zenye panga zinazozunguka mbele. Msidhani ni mchezo wa watoto. Unakaa kama rubani kabisa, unaangalia mafuta, unaangalia joto la injini, na ukikosea kidogo unaanguka. Alipokuwa hapa aliwahi kunipa usukani nijaribu, nikaiangusha ndege kabla haijaacha ardhi vizuri. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama watoto, wewe rudi jikoni kwa anjera yako!" Na mimi nikacheka, lakini moyoni nikasema, ngoja tu.

Alipokwenda Mandera alinunua kompyuta nyingine, hii ya zamani ikabaki. Alasiri watoto wakishaenda duksi kusoma Qurani, nyumba inanyamaza mpaka unasikia friji. Ndipo nikaanza kurusha. Mwanzo ilikuwa hasira, halafu upweke, halafu wallahi nikaupenda. Na nikaelewa kitu ambacho yeye hajawahi kukielewa, nacho ni busti. Busti ni ile nguvu ya ziada unayoisukumia injini ukiwa vitani. Ukiifungua, ndege inaruka kama punda aliyechapwa. Lakini ni ya dakika chache tu. Ukisahau kuirudisha, injini inachemka, inakufa, na adui yuko mgongoni. Mume wangu yeye ni kusukuma tu, kurudisha hajui.

Nilipanga kumshtua siku atakayokuja nyumbani. Nikajiandikisha kwa jina la kiume, Geeljire, yaani mchunga ngamia, nikaingia kikundi anachocheza nacho mtandaoni. Nikamwambia mimi ni kijana wa Balambala, maikrofoni yangu imeharibika, kwa hivyo tuandikiane tu. Siku ya kwanza nilimkuta ndege yake inatoa moshi. Nikamwandikia kama ndugu kwa ndugu, "Rudisha busti, walaal, unaiunguza!" Akarudisha, akafika kiwanjani mzima. "Wallahi umeniokoa," akaandika. "Kuanzia leo wewe ndiye wa kunilinda mgongo."

Basi ikawa kila akitoka kazini tunaruka, yeye mbele, mimi nyuma yake. Na tukiwa tunarudi, adui hakuna, anaandika. Jamani, kumbe mtu huyu anaongea! Aliniambia habari za marehemu babake, kwamba alikufa kabla hawajapatana. Mimi mkewe sikulijua hilo. Aliniambia kule Mandera kuna siku anaogopa, na hataki mtu yeyote ajue. Anacheka, anatania, ananiuliza ngamia wangu wanaendeleaje, nami nawatungia mpaka majina. Siku aliyoniambia ya babake nililia huku nimeshika usukani. Baada ya maghrib akapiga simu nyumbani. "Watoto salama?" "Salama." "Haya." Nilitaka kumwambia ni mimi, nikaiweka simu chini. Nilijua nikisema tu, Geeljire amekufa, na mimi nitabaki na "haya".

Sasa sikieni yaliyonipata. Juzi tukiwa njiani kurudi kiwanjani, aliandika, "Geeljire, nataka kuoa huku."

Nikamwuliza, "Si una mke Garissa?"

"Ninaye. Mtu mzuri, sina la kumlaumu. Lakini hatuna la kuzungumza, walaal. Nyumba bila mazungumzo ni nyumba gani? Angalia mimi na wewe tunavyoongea. Nimetafuta mwanamke wa kuongea naye hivi, nikampata."

Wallahi nilisukuma busti mpaka mwisho. Sijui nilikuwa nakwenda wapi. Injini ikapasuka, nikaanguka mchangani, naye akaandika, "Leo umekuwaje? Si wewe ndiye unayetufundisha kurudisha?" Nilizima kompyuta, nikaenda kuwachukua watoto duksi.

Kuoa dini imemruhusu, najua, msiniandikie hilo. Mama nilimgusia kidogo tu, akasema, "Samir, hooyo," yaani subiri, mwanangu. Nimesubiri nini mpaka leo? Nikimwambia mume wangu ni mimi, ataona nimempeleleza, nimesikia siri ambazo hakutaka mkewe azijue, na mwanamume wa kwetu akiaibika hivyo talaka haiko mbali. Nikinyamaza, anaoa. Nikiuacha mchezo, hata yule anayeongea na mimi simpati tena. Nimegeuza kila upande, sioni mlango.

Leo ameandika tena. Nikahi ni Ijumaa. "Mashahidi ni wawili. Mmoja ni abti wangu, ndugu wa mama. Wa pili nataka awe wewe, Geeljire, maana hapa duniani sina mtu wa karibu kama wewe. Utakuja?"

Ujumbe uko mbele yangu hapa, naye yuko mtandaoni anasubiri. Wenye akili zao bado, nisaidieni: nimjibu nini?