Nyumba yangu imeacha kunuka, lakini binti yangu hajarudi

Admin, naomba jina langu lisionekane kabisa, maana mdogo wangu naye anafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi Ipuli hapa Tabora, nauza dagaa na migebuka wakavu wanaotoka Kigoma. Mume wangu tuliachana kitambo, yuko Igunga na familia nyingine. Nina mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Nitamwita Neema.

Mzigo wangu ukishuka kwenye treni nilikuwa nauweka ndani, chumba cha pembeni ya sebule, kwa kuogopa wezi na mvua. Mimi mwenyewe harufu siisikii, pua imeshazoea. Kumbe ilikuwa imeingia kwenye mapazia, kwenye godoro, mpaka kwenye sare za shule. Siku moja Neema alirudi analia. "Mama, leo hakuna aliyekubali kukaa na mimi dawati moja. Wanasema nanuka kama gunia." Nikamjibu kwa ukali, "Waambie hilo gunia ndilo linalokuvisha viatu." Akaenda kuifua sare upya.

Wiki ya mitihani akaomba akalale kwa mama yake mdogo, yaani huyu mdogo wangu anayenifuata, anayeishi na mumewe ng'ambo ya reli. Wameoana miaka mingi, Mungu hajawajalia mtoto. Nikakubali. Mitihani ikaisha, akasema amalizie muhula hukohuko. Muhula ukaisha, akasema huko anasoma vizuri zaidi.

Nikaenda kumwona bila kutoa taarifa. Nilimkuta amelaza kichwa mapajani mwa mdogo wangu, anasukwa, wanacheka mpaka machozi. Nilipoingia kicheko kikakatika. Neema akasimama, "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikakaa. Mdogo wangu akainuka taratibu kama anayetafuta kitu, akafungua dirisha. Jamani, dirisha lile liliniuma kuliko talaka. Halafu Neema akamuuliza, "Mayu, nilete chai?" Mayu! Sisi Wanyamwezi hivyo ndivyo tulivyomwita mama yetu mzazi mpaka anafariki, na mimi ndiye niliyemfundisha Neema neno hilo alipoanza kuongea, ili aniite mimi. Alipokua akaliacha, akawa ananiita mama tu. Sasa limeenda kwa mwingine.

Tangu siku hiyo wivu umenikaa kifuani. Jumapili nikimwona kanisani amemshika mdogo wangu mkono, kwaya inaimba mimi sisikii. Nikajiambia, kinachomshikilia mtoto kule ni ile nyumba inayonukia, basi na mimi yangu itanukia. Nikanunua udi, nikafukiza. Nikanunua dawa ya kupuliza yenye harufu ya maua. Jirani yangu akaingia, akasimama mlangoni, akasema, "Mama Neema, leo humu kuna dagaa waliojipaka manukato." Alicheka, na mimi nikacheka, lakini alipoondoka nililia.

Mdogo wangu alipata habari, akaja mwenyewe na ndoo na mabrashi. Nilitamani kumrudisha mlangoni. Akasema, "Dada, hapo unafunika tu. Tutoe kwanza mzigo ndani." Tukahamishia magunia kwenye kibanda nilichopanga sokoni. Tukasugua sakafu kwa majivu na sabuni, tukafuta milango na kabati kwa maji ya moto yenye siki na ndimu, tukapaka chokaa ukutani, godoro tukalianika juani tukiligeuza. Pembeni mwa vyumba akaweka sahani za mkaa mkavu, akasema unavuta harufu iliyobaki. Alifanya kazi mpaka viganja vikachubuka. Mimi nilikuwa namshukuru kwa mdomo, huku moyoni naomba kuwe na hata kitu kimoja asichokiweza. Alipozikunja shuka za Neema alizinusa, akazikumbatia kidogo akidhani simwoni. Nilimwona.

Harufu imekwisha kweli. Jirani siku hizi anakunywa chai kwangu mpaka anaomba kuongezewa. Neema akaja Jumamosi, akazunguka vyumba vyote, akanikumbatia. "Mama, kumekuwa kuzuri!" Nikampikia wali na kuku, tukalala kitanda kimoja kama zamani. Nikajua nimeshinda. Kesho yake tulipotoka kanisani nikamkuta anapanga nguo kwenye begi.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani." Akashtuka, akajirekebisha, "Kwa mayu."

"Si harufu imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Sasa?"

Akainamisha kichwa. "Nikirudi huku, atabaki hana mtoto. Nitakuwa nakuja kukusalimia kila Jumamosi."

Kunisalimia! Mimi niliyemzaa.

Juzi mdogo wangu amekuja tena, safari hii na mumewe. Wamekaa kwa adabu zote, akasema, "Dada, tunakuomba Neema akae kwetu mpaka amalize shule. Sikunyang'anyi, mtoto ni wako." Neno baya la kumwambia azae wake lilifika kwenye ulimi, nikalimeza. Nikasema nitawajibu wiki ijayo.

Ndugu zangu, mdogo wangu hajanikosea, na hilo ndilo linaloniumiza. Angekuwa mbaya ningejua pa kuanzia. Nikimrudisha Neema kwa nguvu, atakaa kwangu amenuna na mdogo wangu atabaki analia. Nikimwacha, nitakuwa mgeni kwa mtoto wangu wa pekee. Nishaurini bila kunitukana. Na nyie mliolelewa kwa mama zenu wadogo, nawaomba mniambie ukweli hata kama unauma: mlipokuwa wakubwa, moyo wenu ulirudi kwa aliyewazaa?