Pipa la Mahindi na Mbege ya Shemeji

Panya nimewaua wengi kwa mchi. Mwaka mvua ilipokataa, tulivuna kidogo shamba la chini, Kahe, tukapandisha magunia nyumbani Mwika. Panya wakayatoboa. Niliwaponda mpaka ukuta wa stoo ukawa mwekundu. Lakini dumuzi, kadudu ka mahindi, humpondi kwa mchi. Anasaga ndani ya gunia, unga unamwagika wenyewe, nawe umebaki na maganda. Na mimi nina wajukuu walioachwa kwangu, midomo wazi mpaka mavuno mengine.

Nikashuka Moshi mjini kutafuta chombo. Mapipa yaliyobeba dawa ya kahawa niliyakataa, hata muuzaji alipoapa kwamba ameyaosha. Nikachagua pipa la bluu lililobeba juisi, mfuniko una mpira na mkanda wa chuma. Mahindi nikayaanika mpaka yakalia kama kokoto ukiyatafuna. Nikajaza pipa, juu nikaweka mshumaa unaowaka kwenye kisosi, nikafunga. Mshumaa unamaliza hewa, unazimika, na dumuzi ananyongeka humo humo. Mauaji hayo nayapenda, hayana kelele.

Sasa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akawa anaoza binti. Kihamba chake, shamba la nyumbani la ukoo, na changu vimepakana. Kwetu harusi bila mbege, pombe ya ndizi, watu hawakai, na mbege inataka chombo cha mdomo mpana, mwiko uzunguke. Nilitoka kanisani nikakuta mahindi yangu yamemwagwa sakafuni, kuku wanaparua, mbuzi anatafuna. Pipa liko uani kwake, linatoa povu.

"Shemeji, usipige kelele, wakwe wanakuja," akasema. "Mahindi yako yapo, hayajaliwa."

"Hayajaliwa? Yule mbuzi anatafuna mawe?"

"Nimeazima tu. Hili pipa ni la ukoo."

"Ukoo ulikuwa wapi nilipolibeba mgongoni kutoka barabarani?"

Nikalisukuma. Akanishika mkono, nikamng'ata mpaka nikaonja damu yake. Akanichapa fimbo ya mgongo. Mwiko wa mbege ulikuwa karibu, mrefu, mzito kwa maji ya ndizi. Nilimpiga nao puani, pua ikapasuka, damu ikadondoka kwenye povu. Mkewe akalia, "Mtauana kwa ajili ya ndoo!" Nilitia bega, pipa likaanguka juu ya jiwe, likapasuka mdomo, mbege yote ikatiririka kwenye mibuni yake.

Basi pombe hakuna, na pipa hakuna. Mahindi sakafuni yalishaanza kutembea kwa dumuzi.

Nikayapepeta, nikayaanika upya huku mgongo unaniwaka, halafu nikanunua madumu ya mafuta ya kula, yale ya njano yenye mdomo mdogo. Nikayaosha kwa maji ya moto na sabuni, nikayakausha juani mpaka harufu ikaisha. Mahindi nikayamimina kwa chupa iliyokatwa kitako, nikatikisa, nikashindilia mpaka shingoni pasibaki hewa, nikakaza vifuniko kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ukifungua moja, mengine hayapumui. Na mwiko wa mbege hauingii humo hata ukiuchonga.

Shemeji alikuja kuyatazama, pua bado imevimba kama ndizi mshare.

"Sasa shemeji, harusi ya binti yangu mdogo mbege tutapikia wapi?"

"Pikia kwenye viatu vyako," nikamwambia, nikafunga stoo.