Kahawa Iliyotiwa Mfukoni

Mvua za vuli zikianza, jamaa zangu hapa Igogo huniuliza: vitabu gani vipya tusome, vile vya mambo ya kweli? Naulizwa mimi kwa sababu sichagui. Nasoma hata gazeti lililofungiwa maandazi. Lakini niseme wazi: mtu akiandika kwenye jalada "kisa cha kweli", mimi nashika mfuko wangu. Kweli gani hiyo inayojitangaza?

Msimu huu vimeingia viwili vya maana. Kimoja ni cha samaki wa ziwa letu na jinsi wanavyopungua. Kisomeni, mwandishi anakiri asichokijua, na kwangu hilo linatosha. Cha pili kinahusu wanawake waliouza chakula kwenye foleni ya kivuko cha Busisi kabla ya daraja. Muuza vitabu wa Mabatini alinisukumia huku anatabasamu. "Hiki ndiyo habari ya mjini, mwalimu."

Habari ya mjini, thubutu! Mwandishi wake namfahamu. Alikuja nyumbani kumhoji mama, aliyekaanga samaki pale Busisi mpaka magoti yakagoma. Kijana nadhifu, shikamoo nyingi, kinasa sauti mezani. Sikumpenda hata kidogo. Nilijua tu, huyu atatia chumvi, atamuuza mama yetu.

Basi nikasoma nimekunja uso, namtafuta mama. Nikamkuta. Jina halikuwapo, ila ni yeye, na kicheko chake kile kile. Halafu nikafika hapa: mumewe alifukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu, Geita.

Damu ilinichemka. Baba alikufa kwa homa, akazikwa huko huko Geita, mimi nikiwa darasa la pili. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo ninavyowaambia wanangu. Mwongo mkubwa yule! Nikaenda kwa mama na kitabu kwapani, matusi ya kumpa mwandishi nimeshayapanga.

Mama alisikiliza, akacheka mpaka akashika mbavu. "Usimwonee bure. Hayo nilimwambia mimi."

"Mama! Kwa nini?"

"Nilimpa kahawa, akaitia mfukoni."

Kwetu Kagera mgeni hukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa. Ukizitafuna umekuwa mtu wa nyumbani, utaambiwa ya ndani. Yule kijana, msomi wa watu, alidhani ni zawadi ya kuondoka nayo. Akashukuru, akafunga na kifungo cha mfuko. Mama naye akampa hadithi ya kuondoka nayo.

Nikacheka na mimi. Kakoma! Kisha nikajikumbuka mwenyewe. Kahawa ile mimi siipendi, chungu mno. Tangu utotoni naipokea, naificha kiganjani, natoka nje naitupa. Na mama yangu ana macho.

"Mama," nikasema, "na ile homa ya baba?"

Alinisogezea kikapu cha kahawa. Jamani, niliogopa. Nikatia punje mdomoni, nikatafuna, uchungu ukanipanda hadi masikioni. Mama alinikazia macho kooni mpaka nikameza.

"Baba yako hakufa," akasema.