Blanketi la Mjomba na Tope la Kansay

Enzi zetu, mvua ikinyesha Karatu, sisi ndio tuliobeba gari. Vijana wa siku hizi wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani ni chumvi za wazee. Wao wamekuta lami. Wakifika wanalalamika eti safari ilikuwa ngumu, mtandao ulikuwa unakatika njiani.

Sisi tulikuwa na lori la kijiji, la kubebea maharage na ngano, na dereva wake alikuwa Ako Bura. Ako ni babu kwa Kiiraqw chetu, na kweli alikuwa mdogo wake babu. Alikuwa mtu mfupi, anakalia mto uliojazwa maganda ya mahindi ili aone mbele. Siku za jua alikuwa mpole kabisa. Tone la kwanza likigonga kioo tu, anageuka hakimu. Sheria zake tulizijua kuliko Amri Kumi. Kwenye mteremko hakuna kuongea, wala kuimba, hata kama ni wimbo wa Bikira Maria. Kwenye utelezi breki haikanyagwi, gari linashuka kwa gia, na mwenye haraka atangulie kwa miguu. Ukishatoka kwenye tope, husimami mpaka ukanyage ardhi ngumu. Na lori likiwa tupu, kina mama wenye miili yao wakae nyuma kabisa, juu ya magurudumu, ili yashike chini.

Hiyo ya kina mama ndiyo iliyoleta maneno. Ako aliwachagua kwa macho, kama yuko mnadani: "Mama Paulina, nyuma. Na wewe, nyuma. Wewe hapana, kaa popote." Siku hizi ukimwambia mwanamke hivyo utaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Wakati ule aliyenuna ni yule aliyeambiwa akae popote, maana watu wote wameshasikia kwamba kwake hakuliki vizuri.

Basi ikafika harusi ya shangazi yangu Martina, Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio, yale majuma manne ya kungojea Krismasi. Padri wetu hakufungisha ndoa kipindi cha Majilio hata umlilie. Bwana harusi alikuwa askari wa wanyamapori kule Ngorongoro na likizo yake ilikuwa inaisha. Kuikosa siku ile kulimaanisha kusubiri likizo nyingine, na shangazi alikuwa ameshasubiri vya kutosha. Mvua ikakesha inanyesha. Asubuhi barabara ya Kansay, ya kwenda kanisani, ilikuwa nyekundu, inang'aa kama imepakwa mafuta ya kupikia.

Shangazi aliketi mbele na Ako, kavaa gauni jeupe aliloazimwa na mke wa mwalimu, miguu kaitia ndani ya mfuko wa mbolea lisichafuke. Nyuma tulijazana sisi watoto, shangazi wengine, na Mjomba Lohay, kaka yake bibi. Huyu alikuwa amevaa blanketi alilopewa na upande wa bwana harusi, sehemu ya mahari. Lilikuwa la kijani, zito, bado linanukia duka. Tangu alipopewa hakulivua, jua liwake, mvua inyeshe.

Mteremko tuliushuka kimya, bibi akisali rozari bila kutoa sauti. Tulipofika bondeni tukaanza kushangilia, na hapo hapo lori likanasa. Tukashuka wote, tukasukuma. Magurudumu yakazunguka bure, yakatumwagia tope mpaka mama Paulina hakutambulika ila kwa sauti. Kwa kawaida tungetandika matawi, lakini pale palikuwa na mashamba matupu tu, na mabua ng'ombe walishayamaliza. Khanga tulizopambia lori tukazitandika, tope likazimeza zote.

Ako akazima injini. Akaangalia huku na huku, macho yakatua kwa Mjomba.

"Lohay, vua."

"Nivue nini?"

"Unajua."

Mjomba akalikumbatia blanketi. "Hili ni la mahari, Ako! Nimepewa mbele ya watu!"

Wanaume wakaanza kubishana kuhusu mila, mvua inawapiga. Shangazi akashusha kioo. 

"Mjomba, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini padri akiondoka mimi bado niko hapa, ndoa hakuna. Na ndoa ikiwa hakuna, wenye blanketi watalifuata nyumbani kwako."

Sijawahi kumwona mtu mzima akifikiri kwa shida namna ile. Mwishowe akalivua, akapiga magoti, akalitandika mwenyewe mbele ya gurudumu, akilinyoosha pembe kama anatandikia mgeni kitanda.

"Taratibu, Ako. Usiliumize."

Ako akawasha injini, akaweka gia ya kwanza. Lori likaguna, likashika, likatoka. Tukapiga vigelegele. Kisha tukagundua kwamba halisimami. Sheria ni sheria: mpaka ardhi ngumu, na kwa siku ile ardhi ngumu ilikuwa kokoto za uwanja wa kanisa. Bibi harusi akaenda zake na dereva, sisi ukoo mzima tukabaki tunalikimbilia kwenye tope, bibi mbele kabisa.

Tuliingia kanisani shangazi anajibu "Ndiyo". Gauni jeupe bila doa, upande mmoja bwana harusi, upande wa pili Ako na mabuti yake, kasimama badala ya ukoo mzima. Mjomba akapita katikati na blanketi begani, linachuruzika, akaenda kukaa benchi la mbele. Mama wa bwana harusi akalitambua, akakunja uso. Alipohadithiwa baada ya misa, alilichukua akalifua kwa mikono yake. Nilimpenda yule mama tangu siku hiyo.

Wote hao wameshatangulia, na nawakumbuka sana mvua zikianza. Majuzi nilikuwa natoka mjini na mjukuu wa shangazi Martina. Mvua inamwagika, yeye usukani mkono mmoja, simu mkono mwingine. Nikamwambia apunguze mwendo. "Tulia bibi, gari hili lina kila kitu." Mbele kidogo tukakuta gari dogo limeingia mtaroni, mama mmoja na mwanawe wanalisukuma peke yao, na magari yanawapita.

"Simamisha," nikamwambia.

Akanigeukia, anashangaa kweli kweli. "Kwani bibi unawafahamu?"

Nikafungua mlango, nikashuka. Enzi zetu hakuna aliyeuliza hivyo.