Bi Eulalie Awahamisha Taa

Rolston Talbot angemsema Bi Eulalie Skippings mwendo wake, au mdomo wake, hata kofia yake ya ukindu, naye angecheka. Lakini alichokisema ni miwani yake, tena kwa kipaza sauti, gatini, mbele ya abiria wa meli nzima. Hilo halikuwa na kicheko.

Meli ya watalii inapofunga kamba kisiwani kwetu Grand Turk, wageni hushuka na muda wa saa tano tu mkononi na swali moja kichwani: waende na boti au wabaki ufukweni? Boti ya Rolston huwapeleka nyuma ya rasi, kwenye fungu la mchanga wanakokuja samaki taa, wale bapa wenye mkia wa mwiba, wakajipitisha miguuni mwa watu. Anayebaki ufukweni hukodi kwa Bi Eulalie miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, akaingia maji ya kiuno, akainamisha uso, samaki wadogo wa rangi rangi hao hapo. Vijana walipenda boti. Wenye watoto wadogo, na wanaotapika boti ikiyumba kidogo tu, walipenda ufukwe. Miaka kumi na tisa ilikwenda hivyo na hakuna aliyelala njaa.

Kisha Rolston akanunua boti ya pili, na boti ya pili ina tumbo lake.

“Wageni wetu wapendwa!” alitangaza Jumanne moja. “Mtakaokwenda ufukweni, angalieni macho yenu! Miwani ya pale kila mtu kaivaa, imejaa ugonjwa wa macho mekundu. Njooni kwenye boti, kila kitu kipya!”

Mama mmoja aliyekwisha kulipa alirudi mbio, akawavua wanawe miwani kwa ncha za vidole viwili, kama anayeokota panya aliyekufa. Kufika adhuhuri, Bi Eulalie alikuwa amekaa peke yake na ndoo zake za maji safi na sabuni, zile alizosuuzia kila miwani, kila siku, kwa miaka yote hiyo.

Na huyo Rolston si mtu baki. Ni mtoto wa marehemu Ismay, dada yake. Bi Eulalie alimlea tangu ana miaka tisa, akamfundisha kuzamia papo hapo, kwa miwani hiyo hiyo. Asante ya punda ni mateke.

Alimfuata jioni ile.

“Rolston, nani amewahi kuugua macho kwa miwani yangu?”

“Mama mkubwa nawe! Biashara tu hiyo. Kila mtu anavutia kwake.”

“Meli ijayo uyafute maneno yale.”

“Nikiyafuta watu watanionaje?”

“Watakuona muongo. Si ndivyo ulivyo?”

Rolston akacheka. “Nenda kaoge baharini, mama mkubwa, hasira zipoe.”

Akaenda kweli, asubuhi yake. Hasira hazikupoa hata kidogo, ila alipata cha kuzifanyia kazi. Jirani yake, mzee Hubert Lightbourne, alikuwa anasafisha kombe, wale konokono wakubwa wa baharini tunaowala, na kutupa matumbo yake majini. Taa mmoja alikuja taratibu, akafagia yote, akaondoka.

Hapa kwetu hata mtoto anajua kwamba taa hamjui mtu, anajua tumbo lake. Zamani Rolston aliwalisha matumbo ya kombe kila siku. Alipopata pesa akawa mvivu, akawatupia vipande vya ngisi wa barafu, tena siku za meli tu, na kiburi kikamshawishi kwamba wanakuja kwa sababu ya injini yake. “Taa wangu wananijua kwa mlio,” aliwaambia wageni. Wangu!

Kuanzia siku ile, saa mbili asubuhi, meli iwepo isiwepo, Bi Eulalie aliingia majini na ndoo ya matumbo, akiburuza nyayo mchangani asije akamkanyaga taa akachomwa, huku akigonganisha maganda mawili ya kombe chini ya maji. Wiki ya kwanza alikuja mmoja. Wiki ya tatu, sita. Mwezi wa pili walikuwa kumi na wanne, wamejipanga kabla hajagonga. Kule kwenye fungu walipungua meli hadi meli, Rolston akasingizia joto la maji.

“Kuleni, wanangu,” aliwaambia. “Kuleni jina lake lote.”

Ikaja meli kubwa. Rolston akajaza boti zote mbili, akaenda kwenye fungu. Akaunguruma na injini, akatupa ngisi, akapiga mluzi. Saa nzima, maji matupu. Wakati wa kurudi boti zilipita mbele ya ufukwe, na abiria wote wakamwona mwanamke mtu mzima amesimama ndani ya maji, taa wanamzunguka, na watoto watatu wenye miwani na mirija wanapiga kelele za furaha.

“Kapteni, tushushe hapa!”

Hakuwa na la kufanya. Akatia nanga, akaja mbio huku maji yamemfika mapajani. Bi Eulalie akafunika ndoo.

“Mama mkubwa, nakuomba,” alinong’ona. “Wanataka nauli zao.”

“Paza sauti. Siku ile gatini si ulikuwa nayo?”

Akachukua miwani iliyo kuukuu kuliko zote, akaitemea mate na kuyasugua kwa kidole gumba, kama tunavyofanya sote ili kioo kisishike ukungu.

“Vaa.”

Akavaa.

“Zama. Usiibuke mpaka nikuguse.”

Akazama, na Bi Eulalie hakufanya haraka kumgusa. Alipoibuka, watu wote walikuwa wakimtazama.

“Waambie sasa. Nani alisema miwani hii ina ugonjwa?”

“Mimi.”

“Ilikuwa kweli?”

“Hapana.” Akaangalia maji. “Nilitaka kujaza boti ya pili.”

Bi Eulalie akafunua ndoo, na wageni wakaingia majini.

Machweo Rolston alimkuta akianika mirija. “Nimeaibika mbele za watu, mama mkubwa. Yameisha. Acha kuwalisha basi, warudi kwangu.”

Bi Eulalie alijitafutia huruma moyoni, maana huyu ni mtoto wa Ismay. Akaikuta. Akaiacha hapo hapo.

“Kawaombe wenyewe,” alisema. “Mimi sijawashika mkia.”

Mwezi uliofuata boti ya pili iliuzwa kwa mtu wa Salt Cay, kisiwa jirani. Siku inaondoka, Bi Eulalie alikwenda gatini kuiaga, amevaa gauni lake la kanisani.