Bango la Kumi na Moja

Mtaani walimwita Herufi, na jina hilo lilimkaa vizuri. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mwandishi wa mabango: majina ya maduka, namba za milango, "Usiegeshe Hapa", na "Mbwa Mkali" kwa nyumba ambazo hata paka hazikuwa naye. Chumba chake cha kazi kilikuwa uwani, upana wa kitanda na nusu, kikinuka tapentaini kutwa. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilipoingia mjini, wateja walimponyoka mmoja mmoja. Akabaki na namba za milango.

Upepo wa chumvi ndio uliomrudishia kazi. Mabango ya plastiki yaliyowekwa kwenye fukwe za umma yalipauka na kuchanika hata mwaka haujaisha. Asubuhi moja karani wa ofisi ya mji, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alibisha hodi uwani.

"Dada, tunataka mbao na rangi ya mafuta. Kitu cha kudumu. Fukwe ni kumi na moja, orodha hii hapa."

Herufi aliipokea kama mtu aliyezoea kupokea kazi kubwa. Hakumwambia karani kwamba alizaliwa katika mji huohuo, akaolewa humo na kufiwa humo, na katika fukwe zote hizo alikuwa amekanyaga mbili tu. Bahari aliiona kila siku, lakini kwa mbali, akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi.

Alipomaliza kuandika, alimwendea wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Huyu alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, na alikuwa na pikapu kuukuu ambayo mlango wake wa abiria ulikubali kufunguka kwa nje tu.

"Yaani umri huu ndio unaanza kutalii?" wifi aliuliza, wakipakia mbao.

"Endesha gari, wifi. Utalii unataka utulivu."

"Utulivu kautafute kwingine. Mimi nimebeba watoto sitini kila asubuhi, kimya kinanipa homa."

Herufi alijiwekea sharti moja: hapigilii bango mpaka avue viatu na kuutembea ufukwe mzima, mwanzo hadi mwisho. "Siwezi kukipa jina kitu nisichokijua," alisema. Siku ya kwanza wifi alinung'unika garini. Kufikia ufukwe wa nne, yeye ndiye aliyetangulia kuvua viatu.

Na kweli kulikuwa na mambo ya kuona. Nyuma ya hospitali palikuwa na kipande cha mchanga ambapo wauguzi walikuja kunyoosha miguu kati ya zamu, soksi zao zimepangwa juu ya jiwe. Kwingine mawe yalikuwa meusi, na ukiyakanyaga yanalia kama sahani zinazooshwa. Kulikuwa na ufukwe wenye mchanga laini kiasi kwamba shimo la nguzo lilijifukia lenyewe mara tatu, hadi wifi akalimwagia ndoo nzima ya maji na kulitukana. Nguzo ikasimama.

Ndani ya siku tisa mabango kumi yalikuwa mahali pake. Likabaki moja: Ufukwe wa Ngazi.

Hakuna aliyeujua. Muuza maji hakuujua, wala askari wa zamu, wala wauguzi. Herufi akampigia simu karani.

"Achana nalo tu," karani alisema. "Litakuwa kosa la uchapaji. Tutalifuta."

"Mama, kosa la uchapaji ni herufi moja kuruka. Sijawahi kuona mashine ikitunga ufukwe mzima."

Bango lilishinda siku mbili chumbani, limeegemea ukuta, likimkodolea macho. Siku ya tatu aliisoma upya orodha na kugundua kwamba ilifuata pwani kwa mpangilio. Ufukwe wa Ngazi uliandikwa katikati ya ule wa hospitali na ule wa mawe meusi. Lakini upande wa barabarani, katikati ya fukwe hizo mbili, palikuwa na ukuta mrefu wa ghala la mbao na si kingine.

"Basi tutapitia majini," alimwambia wifi.

Walisubiri maji yakupwe, kisha wakaambaa na miamba, wameshikana mikono kama wasichana. Wifi aliteleza mara mbili na kulalamika mara kumi. Walipozunguka pembe ya mwisho, akasimama ghafla.

Mbele yao kulikuwa na ufukwe mdogo, sawa na uwanja wa shule, bila alama za miguu isipokuwa za ndege. Miamba ilikuwa imeyazingira maji, yakatulia kama yaliyomo kwenye beseni. Na mwishoni, ngazi za mawe zilipanda hadi kwenye mlango wa chuma ulioota kutu. Herufi alizihesabu akipanda: ishirini na sita. Aliusukuma mlango. Haukutikisika.

Mchana huohuo walikuwa mbele ya mwenye ghala.

"Nyuma ya mlango ule hakuna kitu," alisema, akiwatazama nguo zao zilizolowa. "Ghala nimelinunua hivyohivyo, mlango umefungwa. Huu ni ukuta wangu."

Herufi hakubishana naye. Alitoka akasogea karibu na ukuta ule uliopakwa chokaa mara nyingi, akauangalia kwa ubavu, jicho moja amelifumba. Mtu wa brashi hujua kwamba rangi ya mafuta haikubali kuzikwa na chokaa, huacha kivimbe.

"Naomba nikwangue hapa."

"Kwangua," mwenye ghala alicheka, "ila utapaka mwenyewe."

Alikwangua kwa nusu saa, jasho likimtiririka. Ukatokea mshale. Kisha maneno: NJIA YA UMMA – NGAZI.

"Aliyeandika alikuwa na haraka," Herufi alisema, akipangusa vumbi. "U na M amezibana kama mawifi kwenye kochi moja. Lakini yanasomeka."

Mwenye ghala alipitisha kidole juu ya mshale. "Miaka kumi na tisa," alisema polepole, "na mimi napanga mbao zangu juu ya njia ya watu."

Karani aliitwa. Alikuja na ramani ya zamani na futi ya kupimia, akapima, akavua miwani, akapima tena. Njia ilikuwa palepale, ikikata pembeni ya ghala. Mwenye ghala, lazima asifiwe kwa hili, hakuhitaji kusukumwa. Aliondoa mbao zake kwa siku nne, na siku ya tano akaleta fundi wa kuchomelea akate kufuli.

Jumamosi mlango ulifunguliwa. Wauguzi walikuwa wa kwanza kushuka, soksi mkononi, wakifuatwa na wapiga pasi wa mtaa wa nyuma, wazee wawili wenye mikongojo, na familia nzimanzima zilizoishi hatua mia kutoka pale bila kujua. Herufi alipigilia bango mwenyewe. Msumari wa mwisho ulipozama, watu walipiga makofi, na karani alipiga kuliko wote.

Kisha Herufi akaingia majini na nguo zake. Maji yalipomfika kifuani, muuguzi mmoja alimwekea mikono mgongoni.

"Legeza shingo, mama. Tazama juu."

Akalegeza. Muuguzi akatoa mikono taratibu, na Herufi akabaki pale, amelala juu ya maji, vidole vyenye madoa ya rangi vimetandazwa.

"Wifi!" alipaza sauti. "Naelea!"

"Nakuona! Na mji mzima unakusikia!"

Alikaa humo hadi ngozi ya vidole ikakunjamana, na alipoitwa kula alisema waanze tu, yeye bado.