Nusu ya Ng'ombe wa Baba

"Asilimia hamsini ya nini?"

Msimamizi wangu katika shirika la misaada aliandika swali hilo kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ripoti ya ukame niliyoiandika kwa Kiingereza. Nilikuwa nimesema tu kwamba nyumba yetu, nje kidogo ya Garsen, ilipoteza asilimia hamsini, tena nikaianza sentensi kwa tarakimu.

"Namba ikianza sentensi, iandike kwa maneno," alisema. "Na asilimia bila jumla yake ni hewa. Waliopoteza zaidi ya nusu ya ng'ombe ndio watakaopewa mitamba. Sasa nyinyi mlikuwa na wangapi, dada?"

Nikaenda kumwuliza baba. Alikuwa ameegemea fimbo mlangoni pa boma, akiwatazama ng'ombe wakiingia. Kwetu Waorma, mtu hataji idadi ya ng'ombe wake. Kuitaja ni kuwaitia kifo. Mimi sikuamini.

"Baba, kabla ya ukame walikuwa wangapi?"

"Wa kutosha."

"Na waliokufa?"

"Miaka minne chuo kikuu, umerudi na swali la mwizi?" Alicheka, kisha akaacha ghafla. "Andika nusu, mwanangu."

"Zaidi ya nusu ndio wanaosaidiwa. Kama ni kifo, si kimeshakuja?"

"Nusu."

Nikabaki kando ya boma, nikawahesabu waliobaki kimyakimya, nikidhani nimemshinda. Nikazidisha mara mbili, nikapata jumla. Safari hii sentensi ilisimama: asilimia hamsini, kwa maneno, ya ng'ombe wa nyumba yetu. Msimamizi akaisifu. Orodha ilipotoka, hatukuwamo.

Miaka mitatu baadaye baba akafariki. Matanga yalipokwisha, wanaume walianza kuja bomani, leo huyu, kesho yule. Walimpa mama pole, kisha kila mmoja akamwita ng'ombe wake kwa rangi yake na kuondoka naye. Mama aliwafungulia mlango. Nikamshika mkono nikamwuliza mbona anawaachia.

"Ni wa amana," alisema. "Babako alipewa awachunge, maziwa tunywe sisi. Majani yalipokwisha, kidogo alichopata alikuwa akiwapa ng'ombe hawa wa watu kwanza."

"Na wetu?"

"Wetu waliisha katika ukame ule ule. Hakubaki hata ndama."